Alyx na kazi aliyoikataa

Kwetu Bukavu neno mamluki halikutoka kwenye filamu. Wazee wanasema «ba mersenere», na wakisema hivyo sauti inashuka. Mwaka 1967, kuanzia mwezi wa nane mpaka mwanzo wa mwezi wa kumi na moja, mji wetu ulikuwa mikononi mwa askari wa kukodiwa wa Jean Schramme, Mbelgiji ambaye kabla ya kuwa mkubwa wa vita alikuwa mwenye shamba. Bibi yangu alikuwa msichana wakati ule. Walikimbia kwa miguu kuelekea Walungu. Akisimulia leo, risasi anazipita haraka. Anachorudilia ni sufuria ya maharagi waliyoiacha motoni.

Mwaka uleule wa 1967, mbali sana na ziwa letu, mwandishi wa Marekani Joanna Russ alitoa hadithi fupi mbili juu ya mwanamke anayeitwa Alyx. Kazi yake ni kukodiwa. Anafungua vifuli vya watu, analinda wenye pesa, na ukimlipa vizuri anaua. Rafiki yangu aliponiazima kitabu hicho aliniambia: «Utaipenda, ni mwanamke mfupi sawa wewe, na haogopi mutu.» Nilikiacha kwenye meza miezi miwili. Sikuona sababu ya mjukuu wa mtu aliyekimbia mersenere kukaa usiku akishangilia mersenere. Leo naandika juu nimezisoma, kwa Kiingereza, polepole, kamusi kwenye telefone, siku ambazo umeme ulituonea huruma. Nataka kusema kwa nini nilibadilisha mawazo, na pia wapi sikubadilisha.

Kwanza mwandishi. Joanna Russ alizaliwa New York mwaka 1937 na kufariki mwaka 2011. Alisoma Cornell, kisha tamthilia huko Yale, na baadaye akawa mwalimu wa chuo kikuu kwa miaka mingi. Wanaomjua wanamjua zaidi kwa riwaya yake The Female Man ya 1975. Lakini Alyx alitangulia. Hadithi mbili za kwanza zilitoka katika Orbit 2, mkusanyo wa Damon Knight. The Barbarian ilitoka katika Orbit 3 mwaka 1968, na mwaka huohuo ikatoka riwaya fupi, Picnic on Paradise. The Second Inquisition ilifuata mwaka 1970. Baadaye zikawekwa pamoja katika kitabu kimoja kinachoitwa The Adventures of Alyx.

Aina yenyewe ni ile ambamo uchawi na sayansi vinakula sahani moja. Unaanza na upanga, jahazi na mnyama wa baharini, na kisha kumbe kuna mashine na watu wanaosafiri kutoka wakati mmoja hadi mwingine. Baadhi yetu tukisikia hivyo tunasema ni mambo ya watoto. Mimi pia nilisema. Bon, tuingie ndani.

Hadithi ya kwanza ilitoka kwa jina The Adventuress, baadaye ikaitwa Bluestocking. Russ anaifungua kwa kupindua kitabu cha Mwanzo: katika ulimwengu huo mwanamume wa kwanza alitengenezwa kutoka kwenye kidole cha sita cha mkono wa kushoto wa mwanamke wa kwanza. Anasema hivyo bila kucheka, sawa mzee anayesimulia jambo ambalo kila mtu analijua. Alyx alifika katika mji wa Ourdh pamoja na watu wa dini kutoka milimani waliokuja kuwaongoa watu wa mji. Akafikiri, akaona dini ile ni upuuzi, akabaki mjini na kujifunza kuvunja vifuli. Halafu anamjia binti wa tajiri, Edarra, anayekimbia ndoa aliyopangiwa. Anamkodi Alyx amsindikize, wanapanda jahazi, wanagombana kila siku juu ya kila kitu. Mnyama wa baharini anakuja. Na polepole yule binti aliyezoea kuvalishwa anajifunza kushika upanga.

Ukitazama kwa haraka, ni hadithi ya vituko tu. Lakini angalia kitu ambacho hakipo. Alyx hana kisasi. Hakuna baba aliyeuawa mbele yake, hakuna adui anayemtafuta tangu utoto, hakuna mwanaume aliyemvunja moyo ndipo akawa mkali. Hadithi nyingi za mwanamke mpiganaji, hata zile tunazoangalia leo, zinamwombea msamaha: ni mkali juu aliumizwa. Russ haombi msamaha. Katika hadithi ya pili, ile ya jahazi la wafanya magendo na nahodha Blackbeard, Alyx ni msichana anayetoka katika nyumba ya mume mwenye mkono mwepesi, na mtu angetegemea kwamba kuanzia hapo maumivu hayo yatakuwa injini ya maisha yake. Hapana. Anataka kujifunza upanga, anajifunza, na nahodha anapoanza kumgeuza kuwa mapambo ya nyumba, anaondoka. Ukali wake ni ufundi, sawa vile mtu ni fundi viatu au fundi simu. Aliutafuta, akaulipia, akauuza.

Mwaka 1972 Russ aliandika makala iitwayo What Can a Heroine Do? Swali lake: shujaa mwanamke anaweza kufanya nini katika hadithi? Alichukua mifano ya hadithi tunazozijua, akabadilisha mwanamume kuwa mwanamke, na nyingi zikageuka kuwa kichekesho. Hoja yake ilikuwa kwamba wanawake waandishi wamerithi ghala tupu. Nilipoisoma habari ya makala hiyo nilielewa kwa nini Alyx amekodiwa. Kazi inampa mwanamke sababu ya kutoka nyumbani asubuhi ambayo haitokani na mume wala mtoto wala kaburi. Mtu anakuja, anataja bei, safari inaanza. Ni njia rahisi, lakini kabla yake wangapi waliitumia?

Sasa hadithi iliyonishika ni The Barbarian. Alyx amekaa katika baa ya Ourdh, moshi kila upande. Mwanaume mmoja mnene anamfuata mpaka mezani. Anajua habari zake zote. Ana vyombo vidogo vinavyofanya maajabu. Sisi wasomaji tunashtuka haraka kwamba hiyo ni teknolojia ya wakati mwingine, lakini yeye anaridhika watu wakiita uchawi. Anamkodi. Usiku wanaingia katika nyumba ya mkubwa wa mji, na hapo tu ndipo Alyx anaambiwa kazi yenyewe ni nini: kumwua mtoto mchanga, msichana, juu ya mambo ambayo mtoto huyo atakuja kuyafanya akikua.

Alyx anakataa.

Huyu si mtu mwema. Tumeshamwona akiiba na kuua. Mnene huyo alifanya hesabu yake vizuri: mwanamke wa kukodiwa, mikono yake imezoea, bei inajulikana, kazi ni ndogo kuliko zote alizofanya. Kosa lake ni kufikiri kwamba mtu anayeuza ufundi wake ameuza na kila kitu kingine. Na Russ hamgeuzi Alyx kuwa mtakatifu ili akatae. Anakataa akiwa yuleyule, mwizi na muuaji, na kesho ataendelea kutafuta kazi.

Lakini hadithi haiishii hapo, na kwangu hii ndiyo sehemu kubwa. Kukataa kwenyewe hakumalizi kitu, juu yule mtu bado ana vyombo vyake na bado ana nia yake. Alyx analazimika kumfuata mpaka nyumbani kwake, kwenye mashine. Kazi hiyo ya pili hakuna aliyemlipa. Mnene anadai kwamba yeye ndiye aliyeumba ulimwengu. Alyx anamtazama kwa akili ya fundi, na anaona kitu ambacho sisi tuliosoma tunapaswa kukiona haraka zaidi: mtu huyu anajua kubonyeza tu. Hakutengeneza vyombo vyake. Hajui vinafanyaje kazi. Amekuta nguvu ya watu wengine na kuikalia. Anamwua, na sasa ni yeye, mtu wa Ourdh, anayesimama mbele ya mashine akijaribu kuzielewa kwa kufikiri. Jina la hadithi linauliza mshenzi ni nani kati ya hao wawili.

Sisi wa agronomia tunamjua yule mnene. Anapanda mlima na tableti, tableti inasema kilo fulani za mbolea kwa hekta, anawaambia akina mama wamwage. Udongo wa milima yetu mingi una asidi. Fosforo unayomwaga inashikwa na aluminiamu na chuma, na mmea unabaki na njaa juu ya mbolea ya dola nyingi. Mama mwenye jembe anakwambia tangu mwanzo, «hapa pamechoka, hata muhogo inaona haya», lakini yeye si tableti. Nilipofika mahali ambapo Alyx anamtambua mtu wa kubonyeza, nilicheka peke yangu chumbani. Kisha nikaacha kucheka, juu mara nyingine tableti iko mkononi mwangu.

Picnic on Paradise inaenda mbali zaidi, na ni ndefu zaidi. Alyx sasa anatoka Tiro, ile Tiro ya Biblia. Alikuwa anazamishwa baharini kwa kosa la wizi, na watu wa shirika linalosafiri katika nyakati wakamnyakua mpaka wakati wao, karne nyingi mbele. Wanampa kazi: kuvusha kikundi cha watalii kwa miguu katika sayari ya theluji na milima, wakati makampuni yanapigana vita huko. Hawaruhusiwi kubeba chuma wala kuwasha moto, juu adui atawagundua. Watalii ni warefu, wazuri, wana afya, na hawajui kufanya kitu kwa mikono yao. Alyx anafika mabegani mwao tu.

Wakati wa kusoma nilijua nitafurahi: mtu mfupi wa kale anawafundisha watu wa kesho kutembea. Na kweli kuna furaha hiyo. Lakini Russ anaikata. Katika kikundi kuna kijana anayejiita Machine, mtu wa kimya, ambaye Alyx anampenda. Kuna pia Gunnar, mwanaume anayejisifu kwa safari za hatari. Machine anaanguka katika ufa wa barafu. Gunnar ndiye aliyekuwa na nafasi ya kumsaidia, na woga unamfunga miguu. Machine anakufa. Baadaye Alyx anamwua Gunnar.

Nilirudia kurasa hizo mara tatu nikitafuta mahali ambapo mwandishi ananiambia kwamba Gunnar alistahili. Sikupata. Gunnar alikuwa mwoga, na woga si kosa la kufa. Alyx alilipwa ili kuwafikisha watu hao wakiwa hai, na mmoja ameuawa na mkono wa aliyelipwa kumlinda. Kama The Barbarian ilituonyesha mahali ambapo mtu mgumu anasimama, hapa tunaona mahali ambapo ugumu wenyewe unamtoka mkononi. Bila hadithi hii ningesema Russ anampenda sana mtu wake. Yeye anayejua kukataa amri ya tajiri hakuweza kuikataa hasira yake mwenyewe. Mtu anayesoma Alyx ili apate picha ya mwanamke jasiri ya kuweka ukutani, asiruke kitabu hiki.

Na The Second Inquisition haina Alyx kabisa. Tuko Marekani mwaka 1925, msichana wa miaka kumi na sita anaishi na wazazi wake, na mgeni mrefu wa ajabu amepanga chumba kwao. Mgeni huyo ni wa wakati ujao, kitukuu cha Alyx. Anakaa majira ya joto, mambo makali yanatokea, anaondoka. Msichana anabaki na baba yake, mama yake na kioo. Nilikasirika mwanzoni: nimefuata mwanamke huyu kurasa zote hizi, mnanipa msichana wa nyumbani? Kisha nikaelewa kwamba msichana huyo ni sisi. Shujaa ameshapita. Umemsoma, umemwona, hakukuchukua katika safari yake. Unafanya nini kesho asubuhi?

Sasa pale ambapo sikubadilisha mawazo. Katika hadithi mbili za kwanza watu wanakufa kwa urahisi sana. Baharia anakuja, anachomwa upanga, anaanguka majini, tunaendelea na mazungumzo ya kuchekesha. Najua ni desturi ya aina hii, na Russ anaichezea kwa makusudi. Hata amemtaja Fafhrd, shujaa wa Fritz Leiber, kama mtu ambaye Alyx aliwahi kumjua, na Leiber naye akamweka Alyx katika hadithi yake. Ni mchezo wa marafiki. Lakini mimi nasoma nikiwa Bukavu. Kila baharia asiye na jina, mimi naona kuna mtu mahali fulani aliyeacha sufuria motoni. Mersenere katika hadithi anapendeza juu tunatembea upande wake. Hadithi ya bibi yangu inatembea upande ule mwingine, na Ourdh haina bibi wa namna hiyo. Mji wenyewe ni mwepesi: baa, ukuta, nyumba ya tajiri. Nani analima chakula cha watu hao? Sikuona shamba hata moja. Tena miaka na mahali havikubaliani kati ya hadithi moja na nyingine, Ourdh hapa, Tiro pale, na asiyependa vitu vya namna hiyo ataumwa kichwa. Hilo mimi halinisumbui sana. Suala la wafu wasio na jina linanisumbua bado.

Pamoja na hayo, kuna sababu nimeandika makala hii kwa ajili yenu ninyi hasa, mlio na diploma kwenye bahasha na CV kwenye telefone. Tuseme ukweli: sisi wengi ni watu wa kukodiwa. Miezi mitatu hapa, miezi miwili pale, mkataba unaisha na mradi, unangoja mwingine. Hatubebi silaha, tunabeba fomu. Ufundi wetu uko sokoni na mwenye mradi ndiye anataja bei.

Mwaka mmoja nilikuwa na mkataba wa miezi mitatu katika shirika ambalo sitalitaja. Tulitakiwa kugawa mbegu za maharagi kwa ajili ya sezoni A. Nilifanya jaribio la kuota sawa tulivyofundishwa: mbegu 100, kitambaa chenye maji, siku saba. Ziliota 41. Nikapeleka ripoti. Mkubwa wangu akanijibu kwa upole kabisa kwamba magari yameshapakia, kwamba mwenye pesa anangoja picha za ugawaji, na kwamba karatasi inahitaji sahihi ya agronome. Akaongeza: «Na mkataba wako tunafikiria kuurefusha.» Nilisaini. Mwezi wa kumi mama mmoja alinipeleka katika shamba lake, mistari imenyooka vizuri, mitupu. Hakunitukana. Alisema tu: «Agronome, maharagi yako ililala.»

Najua mtakachoniambia, juu nilijiambia hivyohivyo: ungekataa, wangemtafuta mwingine asaini kabla ya saa sita. Ni kweli. Mnene wa The Barbarian pia angeweza kumkodi mwingine, na ndiyo maana Alyx hakuishia kusema hapana na kurudi nyumbani kulala. Nilipofika hapo katika hadithi ndipo nilijua kosa langu lilikuwa wapi hasa. Nilikuwa nafikiri kulikuwa na njia mbili tu, kusaini au kupoteza kazi. Kumbe hata baada ya kusaini kulikuwa na njia ambayo haina malipo na haina karatasi: kwenda kwa akina mama wale siku ya ugawaji na kuwaambia, wekeni mbegu mara mbili katika kila shimo, na mbegu ya nyumbani msiiuze yote. Maneno mawili. Sikuyasema, juu hakuna aliyenilipa kuyasema.

Kwa anayetaka kusoma, aanze na The Barbarian, ni fupi, usiku mmoja inatosha. Kisha Picnic on Paradise, ili asimpende Alyx kupita kiasi. Bluestocking aiweke mwisho, siku anayotaka kucheka.

Mimi nimepata mkataba mwingine tangu wakati ule, na mwingine tena. Kila kijiji ninachofika, kabla ya kazi iliyonileta, nawaonyesha watu jaribio la mbegu 100 na kitambaa chenye maji, ili wahesabu wenyewe. Haiko kwenye mkataba. Kijiji kimoja mzee alinitazama kutoka chini mpaka juu, safari fupi, akauliza wenzake: «Huyu mutoto njo agronome?» Kisha akaenda kuleta mbegu zake.